Kaske ya Macho na Kichwa cha Odia

Siku ile mliponiaga hospitalini kwa soda na vitumbua, mlisema: Tata, andika kidogo, usiondoke na kazi yote kichwani. Niliwajibu kwamba kichwani humo hamna nafasi ya kazi, mke wangu amekwisha kukijaza habari za mabomba ya maji. Lakini sasa nimekaa nyumbani majuma sita, amechoka kuniona, na ni yeye aliyeninunulia daftari hili. Basi someni. Vyeo sikupata vya kutosha kuandikwa, kwa hiyo navipita.

Wengine wakistaafu hurudi kijijini. Mimi nimehama kutoka kiti cha chumba cha macho hadi kiti cha kamba hapa Manika, mwendo mfupi wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, na hata huo ulinichosha. Baba yangu alizaliwa kijijini Musumba. Nilikwenda huko mara moja, nikasalimia ndugu, nikasifu mihogo, na tangu niliporudi sijalala nje ya mji huu wa Kolwezi ila kwa kulazimishwa. Mjue mapema kwamba anayewasimulia ni mtu wa kukaa.

Nilianza kazi nikiwa na diploma ya sekondari na mwandiko mzuri. Hospitali ya mgodi ilitafuta mtu wa kuandika kadi za wagonjwa wa macho, na kwa kuwa chumba chao kilikuwa na giza, wenzangu hawakukitaka. Mimi giza halikunisumbua, nilikuwa na usingizi. Mkuu wa chumba alikuwa Tata Kabeya, muuguzi mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mabega yana kona. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapima madereva wa malori ya mgodi na wa kreni, maana mtu anayeona barabara mbili hapewi lori lenye ukubwa wa nyumba.

Siku ya kwanza alinipa kijiko cheusi cha kufunikia jicho. Mgonjwa anatazama picha ndogo ya jogoo iliyobandikwa kwenye ncha ya penseli. Unafunika jicho moja, halafu unahamishia kijiko kwenye jicho la pili. Macho yakilingana, hakuna kinachosogea. Yasipolingana, jicho unaloliacha wazi hukurupuka kumtafuta jogoo. Ukurupukaji ule mdogo ndio kazi yetu yote. Baada ya hapo unaweka prisma mbele ya jicho, kile kipande cha kioo chenye upande mnene na upande mwembamba, ambacho huisogeza picha. Unaongeza nguvu ya prisma hadi jicho litulie, na namba ya prisma hiyo ndiyo kipimo cha kosa.

Ni rahisi, nikamwambia, nikafunika, nikahamisha, nikafunika. Dereva alitulia. Tata Kabeya aliniuliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu kusogea.

"Mudogo," akasema, "uko naangalia kijiko. Ile kijiko niko naijua, ni mimi nilikileta. Angalia jicho."

Juma lililofuata alininyang'anya hata kijiko. Alinikalisha kuelekea mlango, nikaagizwa niandike jambo moja tu kwa kila anayeingia: anavyobeba kichwa chake. Shingo imepinda wapi, kidevu kiko juu au chini, uso umegeukia upande gani. Alisema mtu ambaye macho yake hayalingani huyasaidia kwa shingo bila kujua, kwa hiyo lazima umwone kabla hajaketi na kujipanga. Jioni ya siku ya kwanza alisoma daftari langu. Nilikuwa nimeandika kofia: ya chuma, ya chuma, ya sufu, hana kofia. Tangu siku hiyo aliniita Konokono, kwa polepole yangu na kwa kuipenda nyumba yangu, na nilikuwa Konokono kwake miaka saba.

Kisha ikaja miaka ambayo nyinyi mnaisikia kwa wazazi wenu. Mgodi mkubwa uliporomoka chini ya ardhi, na juu yake kila kitu kikaufuata. Dawa zilikoma kuja, umeme ukawa wa kubahatisha, waganga wa hospitali wakaondoka mmoja mmoja, huyu Lubumbashi, yule Zambia. Na katikati ya hayo watu wakaanza kuwafukuza jirani zao wenye asili ya mkoa wa Kasai.

Tata Kabeya alizaliwa hapa Kolwezi. Baba yake aliletwa na mgodi kutoka Kasai akiwa kijana, akafia mgodini. Asubuhi moja vijana wawili walisimama kwenye mlango wa chumba chetu, wakauliza kama kuna Mukasai humu. Mimi nilikuwa naandika kadi. Niliendelea kuandika. Tata Kabeya ndiye aliyejibu, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaita wagonjwa, kwamba yuko mmoja, na ni yeye.

Nilimbebea godoro hadi stesheni, maana godoro halihitaji maneno. Familia zilikuwa zimelala kwenye majukwaa siku nyingi zikingoja treni, na sufuria, na milango ya nyumba waliyoing'oa. Aliniambia nisimwage machozi juu ya godoro, atalilalia. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa anapima macho kwenye uwanja wa kanisa huko Mwene-Ditu, Kasai. Halafu sikusikia tena.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkuu wa chumba cha macho. Kwa kubaki. Watu wamenisifu kwamba sikuikimbia hospitali miaka ile ya dhiki, na nimewaacha wanisifu, lakini ukweli ni kwamba sikujua pa kukimbilia. Nilipima kwa mwanga wa dirisha. Mvua ikinyesha, tulihamisha meza kuikwepa dari. Nilijifunza kutengeneza jogoo mpya kwa karatasi ya maziwa ya unga kila alipochakaa wa zamani.

Naruka miaka mingi isiyokuwa na lolote ila wagonjwa, hadi kwenye kaske. Nyinyi mmeikuta mezani kama sabuni, lakini mimi niliiona ikitolewa kwenye boksi. Munganga Grâce, daktari wetu wa macho, alirudi nayo kutoka mafunzo Lubumbashi, akaniambia ni kaske ya kuona dunia isiyokuwepo. Nikamwambia dunia ya namna hiyo ninayo, naiona kila nikisoma ratiba ya umeme. Inavaliwa usoni kama miwani ya mchomeleaji. Ndani yake kila jicho lina kioo chake. Nukta nyekundu inaonyeshwa kwa jicho la kulia tu, kisha kwa la kushoto tu, na vijicho vidogo vya mashine vinafuata jicho linavyokurupuka, vinatoa namba kwenye tableti ya munganga. Ni kijiko na jogoo na prisma na mimi, vyote vimewekwa ndani ya kibuyu cheusi. Mnaelewa kwa nini sikuipenda.

Juma la kwanza kaske ilitangaza kwamba nusu ya Manika ina makengeza ya kwenda kushoto. Nilifurahi sana, nikasema labda ni maji. Munganga Grâce aliketi siku nzima akitazama, kisha akaniuliza mimi hukaa upande gani. Hukaa kushoto. Na wakati wa kupima, huwa nasema nao? Nasema nao, nawatuliza, nawauliza habari za nyumbani. Basi watu wenye malezi wakisikia mzee anawasemesha, hata wakiwa gizani ndani ya kaske, macho yao yanamgeukia. Mashine ilikuwa inapima adabu. Tangu siku hiyo niliamriwa kufunga mdomo dakika tatu kila mgonjwa, na hizo ni dakika ndefu kuliko zote nilizofanya kazi.

Nilidhani somo hilo limetutosha. Halafu akaja Odia.

Kasulo mnaijua, mtaa ambao watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, shimo sebuleni, turubai juu ya shimo. Mume wa Odia alichimba chini ya chumba cha kulala. Siku shimo lilipobomoka, yeye alikuwa chini na Odia alikuwa juu akivuta kamba. Sakafu ilikwenda pamoja naye. Walimtoa Odia akiwa hai, kichwa kimepasuka. Mumewe walimtoa kesho yake.

Katika matanga, Odia aliketi akiwa amefungwa bandeji. Alimnyooshea kidole mama mkwe wake, Mama Ngoie, akasema kwa sauti kwamba kwenye mkeka ule anaona watu wawili. Mkeka ulikuwa na mtu mmoja. Waombolezaji hawakuhitaji kuelezwa zaidi: wa pili alikuwa marehemu, na mwanamke anayemwona marehemu ana sababu ya kumwona. Waliokuwa wanamlilia wakaanza kumwogopa kama mchawi. Odia mwenyewe aliongeza ubaya kwa kusema kweli. Alisema mara anaona wawili, mara anaona mmoja, akiinama kupika anaona sufuria mbili. Mtu ambaye maneno yake ni mara hivi mara vile, nani atamwamini?

Alikuja kwetu kati ya watu wawili, Mama Ngoie, na shemeji yake Donat, mdogo wa marehemu, kijana wa taxi-moto mwenye haraka. Donat ndiye aliyeeleza shauri, akimtazama Munganga Grâce na siyo Odia.

"Munganga, siye tunatafuta karatasi tu. Kama macho ni mubaya, abakie na batoto yake. Kama macho ni muzuri, basi ile anaona haitoke mu macho. Siku ya posho atapanda bisi, aende kwabo Kasai. Batoto banabakia."

Siku ya posho ni Jumamosi, na ile ilikuwa Alhamisi. Huko kwao Kasai, nilipouliza kwa ajili ya kadi, Odia alisema hakuna mtu. Wazazi wake waliondoka Kolwezi kwa treni yeye akiwa mgongoni, wakafa huko, naye akarudi hapa kwa kuolewa. Watoto wake walikuwa wawili, mdogo bado ananyonya.

Nataka muone nilichokiona, maana nilikiona vizuri sana na sikukielewa. Aliingia macho chini, kichwa amekiinamisha upande wa bega la kulia. Aliketi hivyo. Alinijibu hivyo. Nikajisemea: huyu ni mkamwana aliyelelewa, anavyoinama mbele ya mama mkwe, na mbele ya mzee kama mimi. Nyumbani kwangu hakuna anayeniinamia hata paka, kwa hiyo ilinipendeza. Mama Ngoie mwenyewe alisema kwamba tangu msiba Odia amejifunza heshima, zamani alikuwa na shingo ngumu. Sote tuliitikia kwa vichwa. Kwenye kadi, mahali pa kuandika habari za kichwa, sikuandika kitu, kwa sababu adabu si ugonjwa.

Munganga Grâce alimvalisha kaske, akamwambia akae anavyojisikia vizuri. Odia akakaa anavyojisikia vizuri. Mimi nilifunga mdomo wangu dakika tatu. Namba zilitoka: za kawaida. Munganga hakuridhika, akarudia. Za kawaida tena. Donat alisimama, akafunga zipu ya jaketi. Munganga akasema karatasi ataiandika baada ya kula.

Nilikwenda dirishani na chai yangu. Donat na mama yake walikuwa wametoka nje ya geti kununua mkate. Odia alibaki peke yake uani, kwenye benchi, na kifurushi chake cha nguo za mtoto. Mbuzi mmoja wa jirani, mnamjua, yule aliyewahi kula ratiba ya zamu, alikuja akavuta kitambaa kutoka kwenye kifurushi. Odia aliruka, akamfukuza, akampiga kwa kandambili, akimwambia maneno ambayo mkamwana aliyelelewa hayajui. Na muda wote huo, akikimbia na kutukana, kichwa chake kilikuwa kimelala upande wa bega la kulia.

Hakuna mtu anayemwinamia mbuzi kwa heshima.

Nilimwaga chai kwenye rejista, doa mnaliona hadi leo. Nilimkuta Munganga Grâce ameshika kipande cha mkate. Nikamwambia kaske imedanganywa na shingo. Alinijibu kwa upole kwamba kaske imepima mara mbili, na kwamba mimi sijaipenda tangu siku ya boksi. Yote mawili ni kweli, nikasema, lakini yule mama anamwinamia mbuzi. Alikaa na mkate wake hewani. Kisha niliona uso wake unabadilika kama wa mtu aliyekumbuka sufuria ameiacha motoni. Yeye alisomea, mimi nilionyeshwa tu. Alinieleza kuna mshipa wa fahamu mwembamba, mrefu, unaoongoza jicho kutazama chini, na kichwa kikipigwa sana ndio unaoumia upesi. Jicho linapanda. Mtu anaona viwili, kimoja juu ya kingine, hasa akitazama chini. Akilaza kichwa upande wa pili, macho yanalingana tena, na anaona kimoja. Odia alikuwa amejitibu kwa shingo bila mtu kumfundisha, na sisi tukaipima tiba yake tukasema hana ugonjwa.

Walipoingia tena, Donat alinisukumia kadi karibu. Alisema, "Tata, andika tu, munganga atatia kashe. Batu banangoja." Muhuri wa munganga ulikuwa mezani, kalamu mkononi mwangu. Safari hii niliiweka chini.

Niliwaambia tunapima upya. Munganga Grâce alimvalisha Odia kaske, akasimama nyuma yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili akakinyoosha wima. Odia akaguna. Kwenye tableti nukta mbili zikaachana, moja juu, moja chini. Akamlazia kichwa upande wa kushoto, zikaachana zaidi. Akamrudishia upande wa kulia, zikakaribiana hadi karibu kugusana. Munganga alimwonyesha Donat.

Donat hakuwa mjinga, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema asubuhi mashine imesema macho ni mazuri, sasa inasema ni mabaya, na katikati hapo sisi tumebaki na mgonjwa peke yetu. "Munaifanya iseme ile munataka," akasema. Mama Ngoie alikuwa ameshika mkoba wake magotini.

Basi nikafungua kabati. Nilimwomba Odia anyooshe shingo na aangalie dirisha. Madirisha ni mangapi? Mawili, moja limepanda juu ya lingine. Niliweka prisma mbele ya jicho la kushoto, nikabadilisha, nikabadilisha tena.

"Moja," akasema. Halafu, kwa kuwa ni mwanamke wa kusema kweli hata inapomdhuru: "Imelala kidogo. Lakini ni moja."

Nikamgeukia Donat, nikamwambia akae kwenye kiti. Hakutaka. Mama yake akamwambia akae. Nikaweka prisma ile ile mbele ya jicho lake moja, nikamwuliza akimtazama mama yake anaona mama wangapi.

Alifumba jicho moja, akalifumbua.

"Babili," akasema.

"Nani amekufa hapo?" nikamwuliza. "Ama weye pia tukupandishe bisi ya siku ya posho?"

Hakucheka, na sikutaka acheke. Alitoa uso wake kwenye prisma, akaurudisha, akautoa. Mama Ngoie alinyoosha mkono, akaichukua prisma kwangu bila kuomba, akaiweka jichoni mwake kama mtu anayekagua yai kwenye mwanga, akamtazama mwanawe. Alisema anaona Donat wawili, na mmoja tu anamtosha. Kisha akaishusha, akabaki ameishika.

Munganga Grâce alikuwa anaandika karatasi. Alieleza anavyoandika: jeraha la kichwa, jicho la kushoto, miwani ya prisma kutoka Lubumbashi, huenda likapona lenyewe, huenda lisipone, arudi baada ya miezi mitatu. Mimi nilijua hapo kwamba Odia hatapanda bisi. Donat alikuwa tayari ameanza kuuliza miwani hiyo inapatikana wapi. Nilianza hata kujipongeza.

Mama Ngoie hakuwa anasikiliza. Alimwuliza Odia, kwa sauti ndogo, kana kwamba sisi wengine tumetoka.

"Siku ya matanga. Pale ku mukeka. Ule wa pili alikuwa nani?"

"Ni weye, mama."

"Haikuwa yeye?"

"Hapana, mama. Ni weye tu. Uliikala babili."

Mama Ngoie aliinamisha uso juu ya mkoba wake. Ndipo nilipoelewa kwamba katika majuma yale yote, wakati wengine wanamwogopa Odia, mama huyu alikuwa analala akijua mwanawe aliketi karibu naye mkekani, begani pake, na kwamba yuko mtu mmoja duniani aliyemwona. Alikuwa tayari kumfukuza mtu huyo, na alikuwa hawezi kuacha kumwamini. Tulikuwa tumempa mkamwana, tukamnyang'anya faraja hiyo. Hakuna prisma ya kupimia hilo. Munganga Grâce alimletea maji, nami nikarudisha prisma nyingine kabatini.

Baada ya muda alijifuta kwa kanga, akanirudishia kioo changu, akasimama. Odia alisimama naye, akabeba kifurushi. Niliwafuata hadi mlango wa nje. Pale kuna ngazi tatu za kushuka uani, na kutazama chini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi kwa Odia. Alisimama ukingoni, akaanza kulaza kichwa chake begani, akaona tunamtazama, akaona haya akakinyoosha, na mguu wake ukabaki hewani haujui ukanyage ipi.

Donat alikuwa ameshatangulia kuwasha pikipiki. Mama Ngoie alihamisha mkoba wake mkono wa pili, akamshika Odia juu ya kiwiko.

"Moja," akasema. Akangoja mguu ufike. "Mbili." Akangoja. "Tatu. Zimeisha, mama. Tembea."